Nani Aliyetustaarabisha?

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini juma lililopita ndipo iliponichoma. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Kisauni baada ya sala ya alasiri, akaja kitinda mimba wangu na daftari lake la shule. Ameulizwa aeleze maana ya ustaarabu, kisha ataje staarabu tatu za kale. Alikuwa amekwisha andika Misri, Babeli na Rumi. Sikuona kosa. Nikamwuliza, "Na sisi je, mwanangu?" Akanijibu bila ya kusita, "Sisi hatumo, baba. Sisi tulistaarabishwa."

Msomaji mpenzi, neno hilo nililala nalo. Simlaumu mtoto, wala simlaumu mwalimu wake. Lawama ni yetu sisi watu wazima, tunaotumia maneno makubwa bila ya kuyapima uzito.

Chuoni, maalimu wetu alitufunza kwamba neno la Kiarabu hujengwa juu ya herufi zake za asili, na ukizishika herufi hizo umeushika mzizi. Lichukue neno "ustaarabu". Herufi zake ni ain, re na be, nazo ndizo zinazolifanya jina la Mwarabu. Kustaarabu, kwa asili yake, ni kuwa kama Mwarabu. Wakristo wa Andalusi walioishi chini ya dola ya Kiislamu, wakaiga lugha na desturi za watawala wao, waliitwa kwa neno la mzizi huo huo, mustaarib.

Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe hawalitumii neno hili kwa maana tunayolipa sisi. Wao husema hadhara, yaani maisha ya watu waliotua mahali wakajenga, kinyume cha maisha ya kuhamahama. Au husema tamaduni, neno lililotoka katika madina, yaani mji. Nasi tukalichukua tukapata utamaduni. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alipoandika Mukadima yake mwaka 1377 alitumia neno umrani, ambalo lina herufi moja na "umri" wetu: nchi kukaliwa na watu, ikajengwa, ikaishi. Tena aliuhesabu umrani wa mashamba pamoja na umrani wa miji, na akasema kwamba wa mashamba ndio uliotangulia. Basi Mwarabu alijipima kwa mji na shamba lake. Mswahili amejipima kwa Mwarabu! Mizani ya jirani ikiwa ndiyo unayopimia, utashangaa vipi kila siku ukionekana umepungua?

Haya, na tujipime kwa mji kama walivyojipima wenzetu. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja. Aliwakuta watu wacha Mungu, wana misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye milango ya misikiti pana visima vya kunawia. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka Sawahili. Zingatia hilo la nafaka. Kisiwa hakikujilisha. Kililishwa na watu wa ng'ambo ya maji.

Na ng'ambo ndiko tulikosahauliwa. Mtu wa Likoni akipanda feri husema anakwenda Mombasa, kana kwamba alipo si Mombasa. Wa Kisauni akivuka daraja la Nyali husema anakwenda mjini. Lakini waulize wazee wakuhesabie Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Katika Mataifa Matatu wamo Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana. Katika Tisa wamo Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi. Majina manne katika kumi na mawili ni ya huku kwetu bara! Changamwe, ambayo leo kijana huijua kwa malori na viwanda, ni jina la taifa zima. Na huko Mtongwe, upande wa Likoni, wachimbaji kutoka Japani walifukua zana za mawe za watu walioishi kabla ya mji wo wote kujengwa katika pwani hii.

Neno la pili linalotupoteza ni "zama za kati". Wazungu ndio waliolibuni, nao walikuwa na haki, kwani walikuwa wakihesabu mambo yao. Kati ya nini na nini? Kati ya kuanguka kwa Rumi ya magharibi mwaka 476 na kuanguka kwa Konstantinopoli mwaka 1453, au karibu na hapo. Wengi wao waliiona miaka hiyo kuwa ni giza. Lakini miaka hiyo hiyo, kwetu, ndiyo ya mchana mweupe. Ndiyo miaka ya msikiti wa Shanga katika kisiwa cha Pate, ulioanza katika karne ya 8. Ndiyo miaka ya Kilwa kupiga sarafu zake na kujenga Husuni Kubwa. Ndiyo miaka ambayo wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa Uchina, mwaka 1415. Kisha likaja jambo ambalo vitabu vingi huliita mapambazuko. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Alfajiri ya mwenzetu, kwetu ilikuwa ni moshi.

Wapo watakaosema, "Lakini Waswahili hawakubuni maandishi, wameazima herufi za Kiarabu." Kweli. Na Warumi je? Herufi zao zina asili kwa Wayunani, na Wayunani walizipata kwa Wafoinike. Kuazima si aibu. Aibu ni kuazima kisha ukasema kwamba kabla ya hapo hukuwa mtu.

Hata hivyo, nisionekane navutia kamba upande wangu tu. Wazee wetu walikuwa na neno lao, uungwana. Ni neno tamu: adabu, usafi, kauli njema, nyumba isiyokosa maji ya mgeni. Lakini mwungwana alikuwa pia ni mtu asiye mtumwa, na hapo utamu unaingia chumvi. Vuka hori la Mtwapa uende kwenye magofu ambayo James Kirkman aliyafukua mwaka 1972. Ni mji wa karne ya 14 na ya 15, una misikiti minne, nyumba za mawe na makaburi ukingoni mwa bahari. Na unaitwaje? Jumba la Mtwana. Na hapa Kisauni makondakta wanapoita "Kengeleni! Kengeleni!" wanaitaja kengele ya Frere Town, kijiji walichokianzisha wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wajukuu wa watu wale ni jirani zetu, tunazikana na kuozana.

Misri, Athens na Rumi nazo zilikuwa na watumwa, kwa hiyo hili halitutoi katika hesabu ya staarabu. Lakini anayehesabu misikiti na kuta bila ya kuwahesabu waliobeba mawe, huyo amesoma nusu ya kitabu.

Sasa turudi kwa swali la mwanangu: ni kweli tulistaarabishwa? Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Miongoni mwa wachunguzi alikuwa Profesa Chapurukha Kusimba, aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Walikuta kwamba wengi wa watu wale walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, nayo hasa kwa upande wa kike. Sehemu ya Asia iliingia hasa kwa wanaume wa Uajemi, kuanzia kiasi cha mwaka 1000. Damu ya Uarabuni iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500.

Basi anayesema sisi ni wageni watupu amekosa, na anayesema hakuna mgeni aliyeingia amekosa vile vile. Waajemi walikuja, wakaoa, wakazikwa hapa. Lakini walipokuja walimkuta mwenyeji nyumbani, kwani Shanga ilikwisha kuwa na watu wake na msikiti wake zaidi ya karne moja kabla. Na lugha yetu inashuhudia: "nyumba" ni neno la mama, "dirisha" ni neno la baba.

Sipendekezi tulitupe neno ustaarabu. Limekwisha zoeleka, na lugha haiendi kwa amri ya mtu mmoja wa Kisauni. Nataka tu litumiwe na mtu anayejua lilikotoka. Na ninawaomba walimu wa Kisauni, Likoni na Changamwe: kabla ya kumvusha mtoto mpaka mto Nile na mto Furati, mvusheni kwanza hori la Mtwapa. Ni safari ya matatu moja tu.

Ama mwanangu, niliyasoma naye haya jioni ya pili, naye akaongeza mstari wa nne katika daftari lake: "Miji ya Waswahili." Kisha akanitazama, akaniuliza, "Baba, mwalimu atanipa alama?"

Ndugu walimu, jibu la swali hilo mnalo ninyi.