Kiharusi: Kutoumwa kichwa si dalili ya usalama

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, wananchi hukumbushwa dalili za ugonjwa huo: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hata hivyo, bado wapo wanaoamini kwamba kiharusi lazima kianze na maumivu makali ya kichwa. Yasipokuwapo, mgonjwa huambiwa apumzike hadi asubuhi.

Imani hiyo ina chanzo chake. Kiharusi cha mshipa kupasuka mara nyingi huja na maumivu makali ya ghafla. Lakini kiharusi kinachotokea zaidi ni cha mshipa kuzibwa na damu iliyoganda, na wagonjwa wake wengi hawaumwi kichwa. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Vinavyohisi ni utando unaouzunguka na mishipa mikubwa. Sehemu yake yaweza kukosa damu na kuanza kufa, mgonjwa asihisi zaidi ya ganzi.

Wachache wanaoumwa nao wamo hatarini. Maumivu huonekana zaidi mshipa unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo unapozibwa, na zaidi kwa wenye historia ya kipandauso. Hapo mtu hupata kizunguzungu, huona vitu viwili viwili na huyumba, ilhali mikono yake yaweza kuwa na nguvu zote. Ni rahisi kudhaniwa ana malaria au, jambo la kusikitisha, amelewa.

Ndiyo maana hata daktari haamui kwa maumivu pekee. Kipimo cha CT scan ndicho huonesha kama damu imevuja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Akipewa anayevuja damu, yaweza kumuua. Aspirini nayo isitolewe nyumbani kwa kubahatisha.

Kupitia mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, Serikali ilinunua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Safari imefupika kwa wengi, ila saa zilizopotea nyumbani hazifidiwi na mashine. Familia inayomfikisha mgonjwa hospitalini itaulizwa kwanza dalili zilianza saa ngapi, au mara ya mwisho alionekana mzima lini.