Fizi Zinazotoka Damu Hazitibiwi kwa Vidonge Peke Yake

Mwaka 1965, daktari wa meno Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio lisilohitaji mitambo mikubwa. Watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waliacha kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona kwa takriban wiki moja.

Lililowaponya ni kuondolewa kwa utando wa bakteria kwenye meno. Inasikitisha kwamba hadi leo wengi wakiona damu huweka mswaki kando, wakidhani ndio unaowaumiza, kisha hukimbilia duka la dawa kuomba amoksilini au metronidazo. Damu hupungua siku chache, halafu hurudi.

Haina budi kurudi. Bakteria wa kinywani hushikamana na jino ndani ya ute wanaoutengeneza wenyewe, na dawa huupenya kwa shida. Utando ukiachwa, madini ya mate huugeuza ukoga mgumu usiosikia mswaki. Chini ya ufizi, mahali pasipo na hewa ya kutosha, hustawi aina kali kama Porphyromonas gingivalis, anayejilisha protini na madini ya chuma kutoka kwenye damu. Kwa maneno mengine, uvimbe wenyewe humwandalia chakula. Kinga ya mwili nayo, katika kupambana naye, huchangia kuula mfupa unaoshikilia jino. Mara nyingi hakuna maumivu, na mgonjwa hushtuka jino likiwa limeshalegea.

Si kila mtu huumia sawa. Mwaka 1986 Löe aliripoti habari za wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno. Asilimia 8 hivi waliharibika fizi kwa kasi. Asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa kawaida. Maumbile yana sehemu yake, na uvutaji sigara na kisukari huzidisha madhara. Tena kutibu fizi za mwenye kisukari husaidia kushusha sukari yake kwa kiasi fulani. Kwa nini basi mgonjwa apimwe macho na miguu kliniki, halafu kinywa chake kisifunguliwe?

Vidonge vina nafasi, hasa ugonjwa ukiwa mkali, lakini pamoja na kukwanguliwa ukoga hadi kwenye mizizi ya meno, kwa maelekezo ya daktari. Huduma hiyo ya kukwangua ndiyo inayostahili kuwekwa mbele katika vituo vya afya na bima, kabla ya koleo la kung'olea. Nyumbani, mswaki wa dukani au wa mti unafaa, mradi ufike pale jino linapokutana na ufizi, hata kama mwanzoni damu itatoka.