Nyumba inauzwa, na mama wa nyumba hajui

Leo nawaletea mambo ya nyumba. Nimepata ruhusa ya dada yangu mdogo kuyaandika, ingawa alinipa ruhusa hiyo akiwa amekasirika.

Dada yangu alifiwa na mume, ana watoto watatu, na tangu miaka kumi na moja anauza vitenge. Ameweka akiba dola kwa dola. Juma lililopita akaja kwangu asubuhi mapema, kabla sijawasha makala, akisema amepata apartema ya kununua huko Nguba, etaje ya pili, vyumba vitatu, dirisha linatazama ziwa. Bei dola 38,000. Komisyonere anataka avansi ya dola 5,000 kabla ya Ijumaa, kwa kuwa eti kuna wanunuzi wengine wawili. Alikuwa amepungukiwa dola 900, naye alitaka kuziomba kwa AVEC yetu. Sanduku letu, mnajua, lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wamama watatu. Ufunguo mmoja ni mimi ninayeushika. Ndiyo sababu alianzia kwangu.

Nikamwambia, twende kwanza nione.

Ninaelewa kwa nini anataka apartema. Bukavu ni milima, na pahali pa kujenga pamekwisha. Anayenunua kiwanja cha bei nafuu leo ananunua mteremko, na mvua ya masika ikija analala akisikiliza udongo. Kwa hiyo watu wanajenga kwenda juu. Nyumba ya etaje penye mwamba mzuri ina faida yake, na mjane mwenye mabinti wawili anafurahia kuwa na mlango mmoja tu wa kufunga usiku.

Komisyonere alitupokea vizuri sana. Tulipoingia tu akasema, «Mama, tazama ziwa!» Dada yangu akatazama ziwa. Mimi nikatazama dari. Kwenye pembe ya jikoni palikuwa na doa la kahawia kubwa kama sahani, na kando ya ngazi palikuwa na ufa uliopanda tangu chini. Wengi wetu tunakumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipotutoa mbio kanisani. Nyufa nyingi za mji huu ni za siku ile, nazo zimetulia. Nyingine zinatembea. Fundi mmoja alinifundisha namna ya kujua: bandika kikaratasi juu ya ufa, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Kikipasuka, ukuta unahama. Lakini ni nani atakupa mwezi mzima wakati komisyonere anahesabu siku hadi Ijumaa?

Nikawaacha juu, nikashuka kwa mama anayeuza sambaza na nyanya mbele ya lango. Nilinunua mafungu mawili ili tuongee vizuri. Wamama, ukitaka kununua nyumba, nenda kwa muuza sambaza kabla ya kwenda kwa mwanasheria. Kwa nusu saa aliniambia yote. Maji yanatoka usiku, saa nane au saa tisa, nayo hayana nguvu ya kufika etaje ya pili, kwa hiyo vijana wanapandisha bidoni, na bei ya kupandisha ni mara mbili ya bei ya chini. Umeme unakuja kwa zamu. Kila mtu anapika na makala kwenye baraza ndogo ya nyuma, na moshi wa etaje ya kwanza unaingia katika chumba cha kulala cha etaje ya pili. Kutwanga sombe ni vita na majirani, watu wanakwenda kusagisha. Watoto wanaokwenda shule wanavuka barabara ya kwenda Ruzizi, yenye malori. Usiku pana utulivu, zamu ni mzee mwaminifu, wezi hawajaingia tangu alipofika.

Nikamwuliza jambo ambalo komisyonere hangelifikiri: mtu akifa humu, watu wanakaa wapi? Akacheka. Akasema mwaka jana walilia barabarani, viti vilipangwa hadi mbele ya meza yake ya sambaza, na hakuuza kitu siku tatu. Nyumba isiyo na kiwanja haina pahali pa kilio, na harusi vilevile. Hilo dada yangu hakulifikiri, yeye anayepokea jamaa yote ya mume wake tangu Walungu.

Nilikuwa tayari kupanda tena wakati mama yule aliniuliza kwa sauti ya chini, «Lakini wanauza kweli? Mama wa juu anajua?»

Nikarudi kuketi.

Kumbe mwenye apartema ana mke. Mke yuko Uvira tangu majuma matatu, binti yao amezaa. Komisyonere alituambia kwamba walio ndani ni wapangaji, watatoka mwisho wa mwezi. Lakini mimi nilikuwa nimeona jiko lile: sufuria zimepangwa kwa ukubwa, kila moja na kifuniko chake, na mapazia yenye dantela iliyoshonwa kwa mkono. Mpangaji anayetoka mwisho wa mwezi hashoni dantela.

Tulipofika barabarani nilimweleza dada yangu. Akakasirika. Alisema, «Dada mkubwa, mambo ya ndoa ya watu si yangu. Mimi nina pesa, wao wana nyumba. Nimepanga nyumba za watu maisha yangu yote.» Ni kweli, na sikuwa na jibu la upesi. Wakati wa kufiwa alihamishwa mara mbili kwa mwaka mmoja, na vitanda vyake vililala kwangu.

Basi nikamwambia yale ninayojua. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inataka mume na mke wapatane wote wawili ili nyumba iuzwe, hata kama karatasi ina jina la mmoja tu. (Sheria hiyohiyo zamani ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume ili atie sahihi. Hilo liliondolewa Julai 2016, na bado nakutana na wamama ambao hawajaambiwa.) Akinunua bila sahihi ya mke, mke akirudi toka Uvira anaweza kwenda tribinali, na dola 38,000 zitakuwa zimekwisha kuliwa. Tena kuna jambo la karatasi. Kwa sheria ya Julai 1973 udongo ni wa Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inaonyeshwa na sertifika ya anrejistrema, si na karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri na chefu wa avenyu. Nikamwuliza kama ameiona sertifika. Alikuwa ameona fotokopi ya ukurasa mmoja.

Kesho yake tulikwenda kuuliza kwa watu wa titre. Tulingoja tangu saa mbili hadi saa saba. Sertifika iko, lakini ni moja kwa kiwanja kizima na etaje zake zote, kwa jina la baba wa muuzaji, marehemu. Muuzaji ana ndugu wanne. Dada yangu angenunua vyumba vitatu angani, ndani ya urithi usiogawanywa. Hakusema neno hadi tulipofika Nyawera. Pale akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa nusu.

Namba ya simu ya mama yule tulipewa na muuza sambaza. Nilifikiri mimi ndiye ningempigia, lakini dada yangu alichukua simu mwenyewe. Alijieleza kwa heshima, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Kule Uvira pakawa kimya, mtoto mchanga analia nyuma. Halafu mama akauliza, «Mapazia yangu yangali humo?»

Amekwisha kurudi. Tunasikia kwamba mume ana deni kubwa la biashara, na kwamba labda watauza kweli, wote wawili, wakipatana na ndugu wale wanne. Komisyonere alimpigia dada yangu akamtukana, maneno yasiyofaa gazeti la wamama. Mimi naye nililaumiwa kwa kuharibu bahati ya mjane, na mtu mmoja wa kundi letu wenyewe alinilaumu mbele ya wengine.

Alhamisi tulifungua sanduku kama kawaida, funguo tatu. Dada yangu hakuomba mkopo. Alilipa sehemu zake tano, akauliza kama kuna mama anayejua kiwanja kidogo upande wa Bagira, chenye sertifika, na pahali pa kuweka viti ishirini. Anayekijua aje kumwona, anauza vitenge kila siku isipokuwa Jumapili.