Riwaya za Makaburi ya Misri Zimemsahau Mpelelezi Wao

Mwaka 1935 mtaalamu wa Misri ya kale kutoka Ubelgiji, Jean Capart, alikuta hati ya mafunjo imefichwa ndani ya sanamu ya mbao katika makumbusho ya Brussels. Sanamu hiyo ilikuwa imeletwa kutoka Misri na Leopold II, yuleyule aliyekuja kuifanya Kongo mali yake binafsi, enzi hizo akiwa bado mrithi wa kiti. Hati ilipokunjuliwa, ikaonekana ni nusu ya juu ya hati nyingine iliyokwisha kujulikana kwa miaka mingi, ambayo nusu yake ya chini leo iko katika Maktaba ya Pierpont Morgan, New York. Nusu hizo mbili ziliposomwa pamoja, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita alianza kutoa ushahidi.

Jina lake Amenpanufer, kazi yake mchonga mawe, na kesi yake ilisikilizwa zama za Firauni Ramses IX. Anaeleza jinsi yeye na wenzake saba walivyotoboa mwamba hadi wakafika alipolazwa mfalme Sobekemsaf na malkia wake. Walikuta hirizi na mapambo ya dhahabu shingoni mwa maiti. Wakavua dhahabu yote, wakayatia moto majeneza, wakagawana deben 160, uzito wa kilo 14 na zaidi, kila mmoja fungu la deben 20. Baadaye Amenpanufer alikamatwa. Akampa karani wa bandari fungu lake lote, akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia kwa kumgawia upya. Wizi ukaendelea kama kawaida. Hati nyingine ya kesi hizo, iliyoko British Museum, inaonyesha wakuu wa mji wa Thebes, Paser wa ng'ambo ya mashariki na Paweraa wa magharibi, wakivutana: mmoja analeta tuhuma kwamba makaburi yanavunjwa, na mwenzake, ambaye makaburi yako chini yake, anasimamia uchunguzi unaomsafisha yeye mwenyewe.

Riwaya ya upelelezi inataka nini zaidi? Uhalifu upo, mshukiwa yupo, hongo ipo, na wakubwa wenye sababu ya kunyamaza wapo. Wote ni Wamisri: mwizi, karani, mlalamikaji, hakimu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja wasomaji wamepewa hadithi ya namna nyingine, ambamo Mzungu mwenye kofia pana anainua taa mbele ya mlango uliopigwa mihuri, na Mmisri amesimama nyuma yake na kikapu cha mchanga, akitetemeka kwa hofu ya laana. Riwaya hizi zinasomeka kwa raha, na nyingine ni kazi nzuri mno. Lakini zimempa kazi ya upelelezi mtu asiyestahili kuishika peke yake.

Laana yenyewe ina historia inayoeleweka. Waandishi wa Kiingereza walikuwa wakifufua maiti za Misri kabla ya kaburi la Tutankhamun kuonekana: Arthur Conan Doyle alifanya hivyo mwaka 1892 katika hadithi ya "Lot No. 249", na Bram Stoker mwaka 1903. Howard Carter akafika mlangoni kwa Tutankhamun Novemba 1922. Mfadhili wake, Lord Carnarvon, aliiuzia The Times ya London haki ya habari za kaburi hilo, hivyo magazeti mengine, pamoja na ya Misri yenyewe, yakafungiwa nje ya habari iliyotokea katika ardhi ya Misri. Aprili 1923 Carnarvon alifariki Kairo baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuingia sumu. Magazeti yaliyonyimwa habari za kweli yakawa na shehena ya kuuza: laana. Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, mpelelezi asiyekubali lolote bila ushahidi, aliwaambia waandishi kwamba huenda ni pepo walinzi waliomuua.

Agatha Christie hakuingia katika mkumbo huo. Mwaka huohuo wa 1923 alimpeleka Hercule Poirot Misri katika hadithi fupi ya kaburi lililofunguliwa na watu wanaokufa mmoja baada ya mwingine. Poirot anagundua mkono wa binadamu anayejificha nyuma ya hofu ya wengine. Laana ni kisingizio cha muuaji, basi.

Kazi yake ya maana zaidi kuhusu Misri, hata hivyo, si hiyo, wala si ile maarufu ya meli ya mwaka 1937. Ni "Death Comes as the End", riwaya ya mwaka 1944 isiyo na Mzungu hata mmoja. Rafiki yake Stephen Glanville, mtaalamu wa Misri ya kale, alimtia moyo aiandike, na chanzo chake ni barua za kweli. Msafara wa Herbert Winlock wa makumbusho ya Metropolitan ya New York ulizipata karibu na Deir el-Bahari mwanzoni mwa miaka ya 1920. Aliyeziandika ni Heqanakht, mkulima na mtumishi wa ibada za wafu, karibu miaka 4,000 iliyopita, akiwa safarini mbali na watu wake. Anahesabu posho ya nafaka ya kila mtu, anakaripia, anamdekeza mwanawe mdogo, anaamuru kijakazi fulani afukuzwe, na anakasirika kwamba mke wake mpya anasumbuliwa nyumbani. Msomaji yeyote aliyekulia katika ukoo mkubwa ataitambua nyumba hiyo kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Christie aliona kwamba chuki ya kutosha kuua haihitaji hazina ya dhahabu. Shayiri, urithi na mke mpya vinatosha.

Baada yake alikuja Barbara Mertz, Mmarekani aliyepata shahada ya uzamivu ya historia ya Misri ya kale katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952, akakosa nafasi katika fani iliyokuwa ya wanaume, akalea watoto, kisha akaingia katika uandishi. Mwaka 1975, kwa jina la Elizabeth Peters, alitoa "Crocodile on the Sandbank", riwaya ya kwanza kati ya 20 za Amelia Peabody. Ya mwisho ilitoka mwaka 2017, baada ya kifo chake mwaka 2013, ikiwa imekamilishwa na rafiki yake Joan Hess. Mhusika mkuu ni mwanamke wa Kiingereza mwenye mwavuli na ulimi mkali, mumewe ni mwanaakiolojia mwenye hasira za haraka anayemkumbusha msomaji mchimbaji wa kweli Flinders Petrie, na hadithi zao zinaanzia mwaka 1884 hadi zama za kugunduliwa kwa kaburi la Tutankhamun. Mertz alijua kazi hiyo kwa undani. Katika vitabu vyake mtu hachimbi apate dhahabu tu. Anachora vipande vya vyungu, anaandika kila tabaka la udongo, na anaumia anapoona ukuta wenye picha umebomolewa ili kipande kiuzwe.

Mertz pia alikuwa na jicho la haki. Abdullah, msimamizi wa wachimbaji, si kivuli katika vitabu hivi. Ni mzee mwenye busara na heshima, na kifo chake katika kitabu cha mwaka 1998 kinauma kuliko vifo vyote vya wahalifu. Mjukuu wake David anakuwa mchoraji, anaoa katika ukoo wa Waingereza hao na kuunga mkono harakati za uhuru wa Misri. Hayo si mambo madogo katika fani hii. Lakini simulizi inabaki kinywani mwa Amelia. Abdullah anapendwa, anaombolezwa, anatajwa kila mara, ila hapewi kalamu.

Kalamu walikuwa nayo. Petrie alianza kuwafundisha watu wa mji wa Quft katika miaka ya 1890, na ufundi huo ukarithishwa baba kwa mwana, hata wachimbaji wa Quft wakatafutwa kila palipokuwa na msafara. George Reisner wa Harvard aliwapa wasimamizi wake kazi ya kupiga picha na kuandika kumbukumbu za kila siku kwa Kiarabu. Madaftari hayo yalihifadhiwa na familia ya mmoja wao na kutambuliwa na watafiti katika karne hii tu. Ndani yake mna maelezo ya kila kilichotoka ardhini, yaliyoandikwa na waliokitoa kwa mikono yao.

Jambo jingine riwaya hizi huligusa kwa woga. Mhalifu wao wa kawaida ni mfanyabiashara wa magendo ya malikale, mwenyeji mara nyingi, pengine na bwana wa Kizungu nyuma yake. Ilhali vitu vingi vilivyoondoka Misri vilipita mlango wa mbele, vikiwa na karatasi. Kichwa cha Nefertiti kilichimbuliwa Amarna tarehe 6 Desemba 1912 na msafara wa Ludwig Borchardt, kikaangukia upande wa Wajerumani katika mgao rasmi wa mwaka 1913, na mpaka leo kiko Berlin huku Misri ikikidai. Mpelelezi wa riwaya angekamata nani hapo? Michael Pearce alijaribu kuligusa suala hilo katika "The Mamur Zapt and the Spoils of Egypt" ya mwaka 1992, inayohusu namna malikale zilivyokuwa zikitolewa nchini chini ya utawala wa Waingereza.

Waarabu wa Misri wenyewe wameandika yao. Naguib Mahfouz, mshindi wa Nobeli ya mwaka 1988, alichapisha mwaka 1985 riwaya kuhusu Firauni Akhenaten ambayo ni upelelezi mtupu. Kijana Meriamun anauona mji uliohamwa, moyo unakosa utulivu, na anakwenda kwa shahidi mmoja baada ya mwingine: kuhani, askari, mke. Kila mmoja anamkumbuka Firauni wake, na hakuna wawili wanaoafikiana. Msomaji wa Kiswahili aliyempenda mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" ya mwaka 1960 hatapotea katika kitabu hiki. Wachapishaji wetu wakikitafutia tafsiri watakuwa wamefanya kazi ya maana kuliko kuagiza riwaya nyingine ya laana.

Kuna na kisa cha kweli kilichoanza na bidhaa za ajabu katika soko la malikale miaka ya 1870. Nyayo ziliongoza kwa ndugu wa ukoo wa Abd el-Rassul, wa kijiji cha Qurna. Wawili walikamatwa mwaka 1881, wakapigwa, wakakana. Hatimaye ndugu yao Mohammed ndiye aliyefichua siri: shimo refu Deir el-Bahari lenye maiti zaidi ya 40, miongoni mwao Seti I na Ramses II. Mashua ilipozishusha kuelekea Kairo, wanawake wa kando ya Mto Nile waliomboleza na wanaume wakafyatua bunduki, kama inavyofanyika kwenye mazishi. Mwongozaji wa filamu Shadi Abdel Salam alikisimulia kisa hicho mwaka 1969 katika filamu ya "Al-Mumia", akimweka katikati kijana wa ukoo wenyewe anayepaswa kuchagua kati ya damu yake na wafu wa zamani.

Ndani ya shimo lile, Julai 1881, alishuka pia Ahmed Kamal, Mmisri wa umri wa miaka 30 hivi aliyekuwa akijifunza maandishi ya kale. Alikuja kuwa Mmisri wa kwanza kutambuliwa katika taaluma hiyo, akatunga kamusi ya lugha ya mafirauni yenye majuzuu 22 ambayo haikuchapwa akiwa hai. Mkuu wa idara ya malikale, Mfaransa Pierre Lacau, alipolalamika mbele yake kwamba Wamisri hawapendi historia yao, Kamal alimuuliza ni nafasi gani Wafaransa waliwapa Wamisri katika miaka 65 ya kuiongoza idara hiyo. Alifariki mwaka 1923, mwaka uleule dunia iliposhughulika na laana ya Tutankhamun. Mwandishi anayetafuta mpelelezi wa riwaya ya makaburi ya Misri anaye tayari: anajua lugha ya wafu na ya wanakijiji, amezishuhudia maiti za wafalme zikitolewa shimoni, na ana kila sababu ya kuuliza nani aliiba nini.