Unataka Kufungua BIOS ya Mashine Mzee Ipate Spidi? Soma Hii Kwanza

Kama umewahi kukaa kwa cyber Kitale ukingoja portal ya HELB ifunguke, unajua hiyo stress. Kitu inazunguka tu. Msee wa cyber anakushow ni network, lakini nyinyi wawili mnajua si network. Ni desktop ya ex-UK iliyopiga kazi ofisini Uingereza miaka kadhaa kabla ifike Trans Nzoia, na imechoka.

Ndio maana ukitaja "kufungua BIOS" mbele ya maboyz wa mashine, masikio yanasimama. Stori ni tamu: eti prosesa yako ina nguvu zaidi ya ile unaona, kampuni imeifungia, na fundi mkali anaweza kuingia kwa mazabodi akaitoa hiyo kufuli. Bila kununua kitu.

Ni ukweli ama ni kupigwa luku? Ni ukweli. Shida ni kwamba kwa mashine nyingi zenye tuko nazo huku, hiyo spidi haitafika.

Kufuli ni ya nani?

BIOS ni programu ndogo inakaa kwa chip moja ya mazabodi. Ukiwasha mashine, yeye ndiye huamka wa kwanza, anahesabu RAM, anacheki diski, halafu anaita Windows. Pia ndani yake kuna maikrokodi, yaani maagizo madogo yanayoambia prosesa ijibebe aje.

Tangu Sandy Bridge ya 2011, Intel imekuwa ikifunga spidi ya prosesa zake nyingi. Zile za herufi K, kama i5-2500K, ndizo ziliachwa wazi, na ulizilipia zaidi. Ni biashara tu.

Mwisho wa 2015 watengenezaji wa mazabodi walipata njia ya panya. Wakatoa BIOS za kukuwezesha kuongeza spidi ya prosesa za Skylake zisizo na K, kitu maboyz wanaita ovakloki. ASRock hata waliipa jina, Sky OC. Raha haikudumu. Februari 2016 ASRock waliitoa, na maikrokodi mpya za Intel zikaziba hiyo njia. Wasee nao wakarudi kwa BIOS za zamani, wengine wakaanza kubadilisha maikrokodi wenyewe. Xeon E5 v3 za 2014 nazo zilifunguliwa kwa mchezo kama huo, core zote zikakimbia kwa spidi ambayo Intel ilikuwa imewekea core moja ama mbili.

Kwa hivyo anayekwambia haiwezekani, hana rada.

Sasa piga hesabu ya Bungoma

Chukua desktop ya kawaida, tuseme Dell OptiPlex 7010 yenye i5-3470. Hiyo ni prosesa ya 3.2GHz, na haina K. Mazabodi yake ni ya ofisi. Haikuundiwa mambo ya ovakloki, na pawa saplai yake imepimwa kwa kazi ya ofisi.

Kitu ungejaribu kusukuma hapo ni ile klok ya msingi ya 100MHz, na hiyo imeshikana na njia za diski na kadi zingine. Ukiisukuma kupita asilimia 5 hivi, vitu vinaanza kukataa. Tuseme umefaulu na umepata hiyo asilimia 5. Spidi imetoka 3.2 ikafika 3.36GHz. Video ilikuwa inachukua saa moja ku-export, sasa inachukua dakika 57.

Dakika tatu, buda. Na umehatarisha mashine mzima.

Hata ile Sky OC ilikuwa na bei yake. Grafiki za ndani ya prosesa zilizimika, kwa hivyo bila kadi ya video screen ni giza. Vipimo vya joto vya core vilipotea, na njia za kupunguza moto mashine ikipumzika zilizimwa. Baridi ya Kitale ni noma, mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, lakini haiwezi kukuokoa hapo.

Hii sehemu ya security watu huruka

Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu Spectre na Meltdown, mashimo ndani ya prosesa zenyewe. Baadhi ya dawa zake zilikuja kwa njia ya hiyo hiyo maikrokodi. Sasa ukirudisha maikrokodi ya 2015 ndio upate spidi, umetupa dawa pamoja na kufuli.

Kama ni mashine yako ya gemu kwa keja, shauri yako. Lakini kama ni ya cyber pale karibu na Kibabii University, ambapo wateja wanaingiza password za eCitizen, KRA na KUCCPS siku nzima, hiyo si mashine yako peke yako. Mteja hakukubali kucheza hiyo kamari.

Halafu kuna tofali. Stima ikipotea katikati ya kuandika BIOS, mashine inaweza kukataa kuwaka tena. Fundi mwenye programa ya CH341A na klipu ya miguu minane anaweza kuifufua, na ni rahisi zaidi kama alikopi BIOS ya kwanza kabla aguse kitu. Na kuna chip za volti 3.3 na zingine za 1.8. Akikosea hapo, amekuchomea.

Mashine zingine nazo zinakataa kabisa. HP ilianza kuweka Sure Start kwa EliteBook 2013: ukibadilisha BIOS, inagundua na inarudisha ile yake. Intel nayo ikaleta Boot Guard mwaka huo huo.

Lakini hiyo skill si bure

Fundi anayejua kuingia kwa BIOS ana kazi nyingi za maana kuliko ovakloki. ThinkPad kama X230 ilikuja na orodha ya kadi za WiFi inazokubali. Ukiweka ingine, haiwaki vizuri mpaka uitoe. Hiyo orodha inaweza kuondolewa. Mazabodi kadhaa za 2012 hivi zinaweza kuongezwa moduli ndio ziwake na diski za NVMe. Hapo unaongezea mashine maisha.

Na maisha ndio ishu. Microsoft ilimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. Hiyo i5-3470 ni kizazi cha 3. Mpango wa nyongeza kwa watu wa kawaida unafika 13 Oktoba 2026, halafu kwaheri. Mashine ambazo bado zinawaka zitaitwa takataka kwa sababu ya orodha. Linux Mint, SSD mahali pa ile diski ya kuzunguka, na RAM ya 8GB vitakupa tofauti utaiona siku hiyo hiyo, bila kugusa BIOS hata kidogo.

Tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayobebesha wazalishaji jukumu la bidhaa zao zikichakaa. Poa. Lakini taka nafuu zaidi ni ile haijatupwa, na huku wanaoizuia ni mafundi wa vibanda, si mabwenyenye wa semina.

Kabla umpe fundi mashine

Muulize vitu vitatu. Moja, umekopi BIOS ya sasa, na ukaisoma mara mbili kuhakikisha zinafanana? Mbili, ikikufa, nani analipa? Tatu, hii spidi unaniahidi ni asilimia ngapi, na kwa kazi gani?

Na wewe fundi, swali moja tu. Laptop imekuja na password ya BIOS na mwenye kuileta hana risiti, ni yake kweli? Hiyo programa yako haijui tofauti ya mteja na mwizi, na kushika mali ya wizi ni kesi Kenya.

Fundi akijikanyaga kwa hayo maswali, chukua mashine yako, endanga ununue SSD. Hizo dakika tatu hutazikosa.