Tamko la Wazee na Wahitimu wa Ikolo kuhusu Tasnifu za Historia ya Wenyeji wa Kyela

Sisi wazee, walimu na wahitimu wa vyuo tulioungana hapa Ikolo, Wilaya ya Kyela, tunatoa tamko hili kwa vyuo vikuu, kwa wahadhiri wanaosimamia tafiti na kwa wanafunzi wanaokuja kuandika historia ya Wanyakyusa, Wakisi na wenyeji wengine wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Tunaipenda kazi hiyo na tunataka iendelee. Tunachodai ni kwamba msimulizi wa kijijini ahesabiwe kuwa chanzo kamili cha historia: atajwe kwa jina, maneno yake yapimwe kwa ukali uleule unaopima kitabu, na kazi iliyotokana naye imfikie.

Hali ilivyo sasa haituridhishi. Tasnifu nyingi tulizozisoma zina nidhamu ya aina mbili. Penye kitabu, tanbihi imekamilika: mwandishi, mwaka, ukurasa. Penye maneno ya watu wetu tunakuta “mzee mmoja wa Kyela alisema”. Mzee gani? Wa Ikolo, wa Ipinda au wa Matema? Alisema lini, na yeye aliyasikia kwa nani? Msomaji anayetaka kuhakiki hana pa kuanzia, na mjukuu wa mzee huyo hawezi kujua kwamba aliyesema ni babu yake.

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya 1934 na 1938 katika iliyokuwa Wilaya ya Rungwe, Kyela yetu ikiwa ndani yake. Godfrey alifariki 1944, na Monica akaviandika vitabu vinavyonukuliwa mpaka leo, cha kwanza mwaka 1951 na cha mwisho 1977. Tunaviheshimu vitabu hivyo. Vimehifadhi mambo ambayo sisi wenyewe tungekuwa tumeyapoteza. Lakini akina Wilson hawakuyaokota njiani. Waliambiwa na watu, na kazini walikuwa na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, ambaye mchango wake ulianza kuandikwa kwa kina katika kitabu kilichotoka 2013, karibu miaka 80 baadaye. Madaftari yao yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo mwanafunzi anayemnukuu Wilson ananukuu wazee wa Rungwe na Kyela wa miaka ya 1930. Ikiwa maneno ya wazee wale yanatosha kujengea shahada ya uzamivu, haiwezekani maneno ya watoto wao yawe mapambo ya utangulizi.

Tunaposema yapimwe, hatutanii. Masimulizi yetu si Biblia. Chukueni habari inayojulikana kuliko zote, ambayo Wilson naye aliiandika: kwamba koo za machifu zilishuka kutoka Ukinga, kwenye milima ya Livingstone, zikaja na moto, ng'ombe na chuma, na kuwakuta watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Habari hiyo husimuliwa kwa fahari katika nyumba za uzao wa malafyale, yaani machifu, na inaeleza vizuri sana kwa nini waliokuja walistahili kutawala. Mwanafunzi anayehoji koo hizo peke yake ataandika historia ya waliofika, na wale waliokutwa watabaki watu wasio na jina wala moto. Na aende basi kwa koo za watu wa kawaida. Aulize waliotoka humo wakawa mafumu, viongozi wa vijiji wasio wa damu ya kichifu, kwamba wao walipewa nini na walikataa nini wakati wa ubusoka, pale utawala ulipokabidhiwa kwa kizazi cha vijana. Aulize vichaka wanamozikwa wakubwa vilikuwa chini ya nani kabla ya machifu. Asipopata jibu, aandike kwamba aliuliza na hakujibiwa. Simon Charsley aliupima upya utawala wa machifu wa Kinyakyusa katika kitabu chake cha 1969, na hakuna aliyesema amemvunjia heshima Wilson.

Wanaoachwa zaidi ni wanawake. Ukisoma tasnifu hizi unaweza kudhani mwambao huu ulikaliwa na wanaume watupu. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe hupakia vyungu kwenye mitumbwi na kuvipeleka gulio la Lyulilo, karibu na Matema, na katika kazi hiyo mna historia ya biashara kati ya mlima, ziwa na bonde: nani alihitaji chungu, alilipa nafaka gani, mwanamke wa Ikombe aliolewa wapi na ufundi ukaenda naye mpaka wapi. Historia hiyo inajulikana kwa akina bibi. Haiwezi kupatikana kwa kumhoji mume barazani huku mkewe akipita na kuni.

Kosa lingine ni kuikata historia kwenye Mto Songwe. Mpaka ule uliwekwa na Wajerumani na Waingereza katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890; ndugu zetu Wangonde wako ng'ambo, na kiti cha Kyungu, mtawala wao, kilikuwa huko. Mauaji ya Wangonde kwenye bwawa la Kambwe, mwaka 1887, yaliyofanywa na watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, hayawezi kueleweka kwa kusoma upande mmoja wa mto. Nyaraka za Waingereza wa Karonga zitafutwe kwenye hifadhi ya taifa ya Malawi, Zomba, kama zile za Wajerumani na kitabu cha Wilaya ya Rungwe zinavyotafutwa Dar es Salaam. Tunajua nauli ni tatizo. Wasimamizi waipunguze mada basi, kuliko kuruhusu kichwa kipana chenye utafiti wa wiki moja.

Kuhusu namna ya kuhoji, tunaomba dodoso la ndiyo na hapana liachwe chuoni. Ukimuuliza mzee wetu alizaliwa mwaka gani, huenda akakupa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao karani aliukisia. Muulize machifu walipoondolewa, yaani 1963, yeye alikuwa anachunga ndama au alikuwa ameshaoa. Muulize nyumba ya baba yake ilikuwa wapi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, na nani walikuwa majirani. Hapo majina yatakuja yenyewe, na kila jina lina mtu mwingine wa kwenda kumuuliza. Mahojiano yafanywe kwa Kinyakyusa au Kikisi, yaandikwe kwa lugha hiyo kwanza, ndipo yatafsiriwe. Na msije wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji yakiwa mashambani na watu wakiwa kwenye mpunga. Njooni baada ya mavuno, mtu akiwa na nafasi ya kukumbuka.

Baadhi ya haya yamewahi kufanyika, katika nchi hii na nje yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakifanya kazi na John Iliffe, walikwenda kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji. Mahojiano yao yalipewa namba, na mpaka leo wanahistoria wa dunia nzima wanayanukuu kwa namba hizo. Wasan wa Afrika Kusini nao, mwaka 2017, walitangaza kanuni zao za maadili ambazo kila mtafiti anayewafuata anatakiwa kuzishika. Hatudai kuwa wenyeji kuliko Watanzania wengine. Tunadai haki ya mtu anayeandikwa.

Kwa hiyo tunavitaka vyuo vikuu visipokee tasnifu ya historia ya eneo hili isiyo na orodha ya wasimulizi: jina, kijiji, tarehe, lugha iliyotumika. Anayeomba jina lake lifichwe, lifichwe, na sababu ielezwe. Kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia na barua ya utambulisho kwa mtendaji vinafungua mlango wa ofisi. Ridhaa ya msimulizi iombwe nyumbani kwake, na akisema jambo fulani la makaburini au la dawa lisiandikwe, kalamu iwekwe chini. Nakala iliyochapwa iletwe ofisi ya kata pamoja na muhtasari wa Kiswahili, kisha mwanafunzi au msimamizi wake aje kuusoma mbele ya waliohojiwa kabla shahada haijatolewa, ili waliosemewa wapate kusahihisha.

Kwa upande wetu, tutampokea kila mwanafunzi atakayekuja kwa masharti haya. Tutampatia mwenyeji wa kulala kwake na mtu wa kumwongoza kwa wazee wa koo mbalimbali, wake kwa waume, wakiwamo wasiokubaliana na sisi. Hatutadai malipo kwa ajili ya masimulizi, na tumewaomba wanachama wetu wasidai. Tumeanza kuandika majina ya wazee walio tayari kuhojiwa, kijiji kwa kijiji, tukianza na wale wenye umri mkubwa zaidi na walio wagonjwa. Hao wafikiwe msimu huu wa kiangazi.

Limetolewa Ikolo, Wilaya ya Kyela, kwa niaba ya wanachama wote.