Jino la Utoto Kinywani mwa Mtu Mzima



Juma hili tunalijibu swali la dada yetu aishiye Timboroa, kule kwenye nyanda za baridi katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret. Ana umri wa miaka 34, na hata leo amesalia na gego moja la utoto katika taya la chini. Haliumi wala halitikisiki, lakini jamaa zake wanamhimiza aling'oe, wakidai ni nuksi. Auliza: aling'oe au aliache?

Dada, usifanye haraka. Mtoto huota meno 20 ya utoto, nayo huanza kumtoka afikapo miaka 6 na kumalizika yapata miaka 12. Jino la ukubwa linapopanda, mzizi wa lile la utoto huyeyuka kidogo kidogo, hata likalegea na kuanguka. Pasipo jino la kulisukuma, la utoto hubaki na mzizi wake. Wako watu wasioumbiwa baadhi ya meno ya ukubwa, hasa gego dogo la pili la chini, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa. Wengine jino wanalo, ila limelala tayani kwa kukosa njia. Chonge za juu zina sana tabia hiyo.

Kwa macho tu huwezi kupambanua. Eksirei ndiyo ifichuayo. Basi teremka Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ukapigwe picha kabla ya kung'olewa chochote. Ikiwa chini hamna jino, na lako ni zima, litunze: laweza kukutumikia miaka mingi. Ukiling'oa utabakiwa na pengo, na kuliziba kwa jino la bandia kuna gharama. Ikiwa jino limelala, huenda daktari akaweza kulivuta lipande mahali pake. Jino la utoto lina gamba jembamba na huoza upesi, kwa hiyo usiuache mswaki. Ukiona linadidimia chini ya wenziwe, rudi kwa daktari.

Ama habari ya nuksi, sisi watu wa pwani tuna la kujifunza. Wazee wa zamani walimwita kijego mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, wakamhesabu mkosi, na wako watoto waliopotezewa maisha yao kwa dhana hiyo. Walikuwa na kosa gani malaika wale? Nawe huna kosa.

Nanyi akina mama, vitazameni vinywa vya watoto wenu. Jino la upande mmoja likishaota, na mwenziwe wa upande wa pili akachelewa zaidi ya miezi 6, mpelekeni mtoto kwa daktari wa meno. Likijulikana mapema, huwa jepesi kutengenezwa.

Tukutane juma lijalo, inshallah.